Pikapu inakula mafuta ikiwa imesimama: mwongozo kamili wa safari fupi na injini inayounguruma bila kwenda

Pikapu inaweza kumaliza lita nzima ya mafuta bila tairi kuzunguka hata mara moja. Mita ya kilomita haitasogea wala taa haitawaka kwenye dashibodi. Utakuja kugundua siku ya kujaza tangi, utakapogawanya kilomita kwa lita ukaona namba imeshuka, na mawazo yatakimbilia moja kwa moja kwenye plagi, nozeli na chujio la hewa.

Nami nilianzia huko huko. Nina pikapu ya petroli yenye injini ya lita 2.7. Kwenye barabara kuu ilikuwa inanipa kilomita 9 kwa lita, ila kwenye kazi za kila siku ilishuka hadi 6.9. Nilibadilisha plagi, nikaweka chujio jipya, nikasafishiwa nozeli, namba ikabaki pale pale. Kilichonifungua macho ni daftari dogo nililolifunga kwa kamba kwenye kizuia jua cha dereva. Ndani ya siku sita liliandikwa mistari 41, yaani mara 41 nimepiga stata. Safari 26 kati ya hizo hazikufika kilomita 4, na dakika za kusimama huku injini ikiunguruma zilikuwa kama 40 kwa siku.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela ya vipuri, hesabu umewasha mara ngapi na umesimama dakika ngapi. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo.

Injini baridi inavyokula

Injini ya petroli ikishapata joto lake huchanganya takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Ikiwa baridi, uwiano huo haufai. Petroli haigeuki mvuke vizuri, sehemu yake hubaki matone na kunata kwenye kuta za silinda, kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza petroli ili kiasi kinachoweza kuwaka kitoshe. Hapo hapo hupandisha mizunguko ya injini kwa dakika ili kichujio cha sumu kwenye ekzosi kipate joto haraka. Ndiyo maana asubuhi mshale husimama kwenye 1,300 au zaidi, kisha hushuka taratibu hadi 700 au 800.

Oili nayo ni nzito, na kwenye pikapu iko sehemu nyingi: ya injini, ya giaboksi, ya difu (meno yanayogawa nguvu kwa tairi), na kama gari lina 4WD (nguvu kwa tairi zote nne) kuna boksi jingine la kugawa nguvu. Maji ya injini hupata joto ndani ya kilomita chache, lakini oili ya injini huchelewa nyuma yake, na ya difu huchelewa zaidi kwa sababu inategemea tu msuguano wa meno yake. Ukienda kilomita 3 kisha ukazima, difu haijaonja joto kabisa. Giaboksi ya otomatiki huongeza lake: mara nyingi hukawia kuingia gia ya juu hadi oili yake ipate moto, na injini huzunguka zaidi kwa mwendo ule ule.

Usidhani hili ni la nchi za theluji peke yake. Injini hufanya kazi vizuri ikiwa karibu na nyuzi 90, kwa hiyo hata siku yenye joto la nyuzi 30 inaanza ikiwa nyuzi 60 chini. Baridi huzidisha tu. Takwimu za Wizara ya Nishati ya Marekani zinaonyesha kuwa kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, gari la petroli mjini hupoteza takribani asilimia 15 ya umbali kwa kila lita ukilinganisha na nyuzi 25, na kwenye safari za kilomita 5 hadi 6 hasara inaweza kufika asilimia 24. Wizara hiyo hiyo inasema safari kadhaa fupi zinazoanza injini ikiwa baridi zinaweza kula mara mbili ya safari moja ndefu ya umbali ule ule injini ikiwa na moto. Hapo ndipo penye mafuta ya kuokoa, kuliko kwenye kifaa chochote cha kubandika kinachoahidi kupunguza matumizi.

Hatua ya 1: Pata namba ya kuanzia

Jaza tangi hadi pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone. Rudisha mita ndogo ya safari kwenye sifuri. Endesha kama ulivyozoea, usijirekebishe, kwa sababu sasa unapima tabia yako halisi. Ukijaza tena, tumia kituo kile kile na pampu ile ile ikiwezekana, acha ijikate, kisha gawanya kilomita kwa lita. Tangi moja halitoshi, maana pampu hujikata mapema au kwa kuchelewa na hesabu huyumba. Fanya matangi matatu, jumlisha kilomita zote na lita zote, ndipo ugawanye.

Kama dashibodi ina kompyuta ya safari, isome lakini isiwe shahidi wako pekee. Yangu hunisifia kidogo kuliko pampu.

Hatua ya 2: Andika daftari la kuwasha na kusimama

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na ndiyo yenye majibu. Chora safu nne: saa uliyowasha, hali ya injini (baridi, vuguvugu au moto), kilomita ulizokwenda, na dakika ulizosimama injini ikiwaka. Andika kila mara, hata kama ulisogeza gari mita 50 kupisha mwenzako. Hasa hizo mita 50, maana kuwasha injini baridi, kusogea kidogo na kuzima ndiyo safari ghali kuliko zote kwa kila mita.

Wiki mbili zinatosha. Ukimaliza, hesabu mambo mawili: mara ngapi umewasha ikiwa baridi kabisa, na jumla ya dakika za kusimama. Pikapu nyingine huonyesha saa za injini kwenye dashibodi. Kama yako inaonyesha, gawanya kilomita ulizotembea kwa saa hizo upate mwendo wa wastani. Ikija kilomita 20 kwa saa ilhali hukai kwenye foleni nzito, basi injini inawaka muda mrefu bila kwenda popote.

Hatua ya 3: Jua injini yako inakula kiasi gani ikiwa imesimama

Wizara ya Maliasili ya Kanada inakadiria kuwa gari lenye injini ya lita 3 hupoteza zaidi ya mililita 300 kwa kila dakika 10 za kuunguruma, sawa na lita 1.8 kwa saa. Wamarekani nao wanataja kati ya takribani lita 1 na lita 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wa injini na kama kiyoyozi kinafanya kazi. Injini kubwa ya silinda nane huvuka hapo.

Ukitaka namba ya gari lako, nunua au azima kifaa kidogo cha kusomea kompyuta ya gari kinachounganishwa na simu. Tundu lake liko chini ya dashibodi upande wa dereva. Magari mapya yanayouzwa Marekani yamelazimika kuwa na tundu la aina hiyo tangu 1996, na ya petroli Ulaya tangu 2001. Pasha injini moto, simama mahali pa wazi, soma lita kwa saa kiyoyozi kikiwa kimezimwa, kisha kiwashe usome tena. Gari langu lilisoma 1.1, na kiyoyozi kikapandisha hadi 1.5. Asubuhi, dakika ya kwanza baada ya kupiga stata, lilisoma zaidi ya 2.

Sasa weka namba hizo kwenye siku yako. Dakika 40 kwa lita 1.5 kwa saa ni lita 1 kamili. Kwa siku 26 za kazi ni lita 26, ambazo kwa kilomita 9 kwa lita zingekutembeza kilomita 234. Angalia pia inavyoharibu wastani: ukitembea kilomita 30 kwa siku ungetumia lita 3.3, lakini lita ile ya kusimama inaifanya 4.3, na wastani unatoka 9 hadi 6.9. Nilipoiona hesabu hii kwenye karatasi nililiangalia lile chujio jipya nikajua sikuwa na sababu ya kulinunua.

Tahadhari moja isiyo na mjadala: usipime wala usiunguze injini ndani ya gereji iliyofungwa. Ekzosi hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu ya kukuonya, na inaua.

Hatua ya 4: Panga safari upya

Injini iliyozimwa nusu saa bado ina moto. Iliyozimwa saa nne imeshapoa au inaelekea kupoa. Ukilijua hilo, upangaji unakuwa rahisi: kusanya mizunguko yote ya siku kwenye safari moja, nenda kwanza mahali pa mbali zaidi, kisha pitia vituo vya karibu ukiwa unarudi. Mwendo mrefu wa mwanzo unapasha injini, giaboksi na difu, na kila kituo kinachofuata utawasha gari lenye moto.

Watu wengi hufanya kinyume, nami nilikuwa mmoja wao. Tunaanza na kituo cha karibu kwa sababu kiko njiani, tunazima, tunapakia kwa nusu saa, tunasogea kilomita 2, tunazima tena. Injini inafika kwenye joto lake pale tunapoliegesha gari kwa siku nzima.

Usisahau kwamba pikapu ni gari zito lenye injini kubwa ya kupasha. Kama kazi ya kilomita 2 haina mzigo, nenda kwa miguu, kwa baiskeli, au kwa gari dogo lililopo nyumbani. Pikapu iitwe pale bodi lake linapohitajika.

Hatua ya 5: Asubuhi, washa na uondoke

Kuliacha gari dakika 10 lipate moto ni desturi iliyobaki kutoka enzi za kabureta. Injini ya kisasa inayonyunyiza mafuta kwa kompyuta haihitaji. Piga stata, funga mkanda, panga vioo, subiri kama sekunde 30 hadi mshale wa oili utulie, kisha ondoka polepole. Usikanyage sana kwa kilomita tano za mwanzo, wala usiipandishe zaidi ya mizunguko 2,500 hivi. Injini inayofanya kazi nyepesi hupata moto haraka kuliko inayounguruma tu, na petroli inayoosha oili kwenye kuta za silinda huwa kidogo.

Kwenye baridi kali, ambako gari hulala chini ya sifuri, kipasha injini cha umeme kinasaidia sana. Kiwekee saa kianze saa mbili hivi kabla ya kuondoka, kukiwasha usiku kucha ni kula umeme bure. Na kioo chenye barafu lazima kiwe safi kabla hujasogea, hata kama itakugharimu dakika za mafuta. Kuona mbele kunatangulia.

Hatua ya 6: Jua pa kuzima na pa kutozima

Kuwasha injini yenye moto hutumia mafuta kama ya kuunguruma sekunde 10 hivi. Maana yake ukisimama zaidi ya hapo, kimahesabu ya mafuta kuzima kunalipa. Ila stata na betri navyo vina gharama, na gari ambalo halikutengenezwa na mfumo wa kujizima lenyewe halipendi kuzimwa kila baada ya sekunde 15. Kipimo changu ni dakika moja. Nikijua nitasimama zaidi ya dakika moja, nazima: kusubiri mtu, kupakia, kushusha, geti lililofungwa, kivuko cha treni.

Kupakia ndiko kulikokula mafuta yangu zaidi. Nilikuwa nashuka, nafungua mlango wa nyuma wa bodi, naanza kusaidiana na watu kupanga mifuko huku injini ikiendelea, eti "dakika mbili tu". Daftari liliandika 11, 14, 9. Nilianza kutoa ufunguo na kuuweka mfukoni kila ninaposhuka, na tabia hiyo peke yake ilifuta zaidi ya nusu ya dakika zangu.

Pa kutozima: kwenye foleni inayosogea, kwenye makutano ambapo utahitaji kuondoka haraka, na kamwe gari likiwa kwenye mwendo. Ukizima kwenye mteremko unapoteza nguvu za usukani, na msaada wa breki unakwisha baada ya kukanyaga mara chache. Kuna pia wanaoweka nyutro mteremkoni wakiamini wanaokoa. Kwenye injini ya kompyuta ni kinyume: ukiacha gia ndani na kuondoa mguu kwenye mafuta, kompyuta hufunga nozeli kabisa hadi mizunguko ikaribie ile ya kuunguruma. Kwenye nyutro lazima injini ilishwe mafuta ili isizimike. Gia ndani hukuokolea mafuta na kukushikia gari.

Injini yenye tabo (feni inayozungushwa na hewa ya ekzosi ili kusukuma hewa ndani ya injini) ina haki yake. Kama umetoka kuvuta tela au kupanda mlima kwa nguvu, iache iungurume dakika moja au mbili ndipo uzime, ili oili isiungulie kwenye beringi za tabo. Baada ya mwendo wa kawaida mjini haihitaji.

Pikapu ya dizeli

Dizeli ikiunguruma hula kidogo kuliko petroli ya ukubwa ule ule, kwa sababu haibanwi hewa inayoingia na huwaka na mafuta machache sana. Hilo limewafanya madereva wengi wa dizeli kuona kusimama ni bure. Gharama yake iko mahali pengine. Dizeli isiyo na kazi hupoa, haichomi vizuri, na masizi hujikusanya. Pikapu mpya zenye kichujio cha masizi kwenye ekzosi zinahitaji kuyachoma masizi hayo kila baada ya muda, kwa joto la karibu nyuzi 600, na kompyuta hupata joto hilo kwa kunyunyiza dizeli ya ziada. Safari fupi hukatiza zoezi hilo katikati. Linaanza upya kesho, linakatizwa tena, na dizeli isiyoungua huvuja kwenda kwenye oili.

Dalili zake utaziona: mizunguko ya kusimama imepanda kidogo bila sababu, feni inazunguka sana, harufu ya moto, matumizi yamepaa. Ukizikuta usizime. Nenda dakika 15 hadi 20 kwa mwendo usiobadilika. Na ukipima oili ukaona imepanda juu ya alama kuliko ulivyoiacha, usifurahi kwamba gari halili oili. Ibadilishe.

Hatua ya 7: Kagua vitu vinavyoiweka injini kwenye ubaridi

Kifaa kile kile cha kusomea kompyuta ya gari kilinionyesha jambo ambalo sikulitarajia: joto la injini yangu halikuvuka nyuzi 68, hata baada ya nusu saa. Thamostati haikuwepo. Fundi fulani, kabla sijalinunua gari, aliitoa ili "lisichemshe". Thamostati hufunga njia ya maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ifike nyuzi 82 hadi 88 hivi, kutegemea gari. Bila hiyo maji yanapoozwa tangu sekunde ya kwanza, kompyuta inaendelea kuamini injini ni baridi, na inaendelea kuongeza petroli. Kwa mtu wa safari fupi ni hasara juu ya hasara.

Unaweza kuikagua bila kifaa. Asubuhi injini ikiwa baridi, iwashe na ushike kwa uangalifu bomba la juu la rejeta, mkono mbali na feni na mikanda. Linatakiwa kubaki la baridi kwa dakika kadhaa, kisha lipate moto kwa ghafla. Likianza kuwa vuguvugu mapema na kupanda polepole, thamostati imekwama wazi au haipo. Kipuri chenyewe ni kidogo kuliko kiganja. Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa na moto.

Fungua pia mfuniko wa oili uuangalie kwa ndani. Utando mweupe kama maziwa mara nyingi ni maji ya safari fupi: kila lita ya petroli inayoungua hutoa karibu lita moja ya maji, na injini isiyopata moto haiyakaushi yale yanayopenya chini. Lakini kama maji ya rejeta yanapungua, muone fundi haraka, huenda ni gasketi. Vitabu vingi vya magari huweka safari fupi na kuunguruma kwa muda mrefu kwenye fungu la matumizi magumu, na hufupisha muda wa kubadilisha oili. Soma chako, na uweke oili ya uzito kilichoagiza. Oili nzito kuliko iliyotajwa hufanya kila kuwasha kwa baridi kuwa kugumu zaidi.

Mengine kwa haraka: upepo wa tairi ujazwe tairi zikiwa baridi, 4WD itolewe ukifika kwenye lami, na mzigo usiohitajika ushuke. Kila kilo 45 hivi za ziada huweza kukugharimu karibu asilimia 1.

Hatua ya 8: Pima tena kwa njia ile ile

Matangi matatu mengine, pampu ile ile, daftari likiendelea. Badilisha jambo moja kwa kila kundi la matangi ukiweza, ujue lipi limeleta nini. Mimi nilianza na kuzima wakati wa kupakia, nikafuata kupanga safari, nikamalizia na thamostati. Kutoka 6.9 nilifika 8.2, na sikugusa nozeli tena.

Kama baada ya hapo namba haijasogea kabisa, sasa nenda kwa fundi, na ubebe daftari. Mwambie umewasha mara ngapi na umesimama dakika ngapi, kisha mwombe aangalie breki zinazoshika bila kukanyagwa, sensa ya hewa ya ekzosi, sensa ya joto la maji, na mafuta yanayovuja kwenye bomba la kurudishia.